Muhuri wa Mazingira: Mlima Mzima Haukai Kwenye Duara la Sentimita Nne

Nilipotea kidogo kwa sababu nilipata kibarua, na kibarua chenyewe ndicho kimenipa mada ya leo.

Kuna kikundi cha mazingira katika kata moja kule Kibosho. Wanapanda miti ya asili kando ya mifongo na vijito, na sasa wanataka kusajiliwa, wafungue akaunti benki, waandike barua zenye uzito. Wakaambiwa mjini Moshi kuna kijana anachora tisheti na mabango, awachoree bendera na muhuri. Huyo kijana ndiye mimi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na uchoraji wa kompyuta nimejifunza kwenye kompyuta za watu.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Imenila wiki tatu. Lakini imenifundisha mambo ambayo nadhani yanamhusu kila anayepokea karatasi yenye muhuri, yaani sisi wote.

Kwanza niseme ukweli kwa nini niliikubali kwa bei ya nauli tu. Mwaka niliomaliza shule nilikuwa kwa bibi yangu kihambani. Bibi alikata mgrevilea mmoja, mti alioupanda mwenyewe, apate mbao za kuezekea jiko. Siku ya tatu akaja jamaa mmoja na kofia na faili kwapani, akasema bibi ana faini ya mazingira, shilingi elfu thelathini. Akatoa karatasi. Bibi hasomi, akanipa mimi. "Mjukuu wangu, hii ni kweli?" Nikaangalia: chini kuna muhuri wa duara, ndani mlima na mti. Nikamwambia, "Ndiyo bibi, ni ya serikali, ina muhuri." Akaingia ndani, akafungua fundo la kitenge, akatoa hela ya mbegu za maharage.

Baadaye mtendaji wa kijiji akaitazama ile karatasi, akacheka kwa huzuni. Haikuwa na jina la ofisi, haikuwa na namba, haikutaja sheria yoyote. Ilikuwa na mlima na mti basi. Mimi, msomi wa familia, ndiye niliyemthibitishia bibi. Jambo hilo sijawahi kulisahau. Kwa hiyo nilipoitwa kuchora muhuri wa mazingira nikasema huu lazima niuelewe kabla ya kuuchora.

BENDERA NA MUHURI NI VITU VIWILI

Watu wengi huviweka pamoja, eti bendera ni muhuri uliokuzwa. Sivyo. Bendera ni ya mbali, muhuri ni wa karibu. Bendera inakwambia nani yuko hapa: unaiona geti la hifadhi, kwenye gari la doria, juu ya ofisi. Muhuri unakwambia nani amekubali na nani ataulizwa mambo yakiharibika.

Kwa hiyo hata uchoraji wake ni tofauti. Bendera inapepea, inajikunja, inapigwa jua na mvua, na inaonekana pande zote mbili. Ukiandika maneno, anayesimama upande wa pili anayaona kinyume. Ndiyo maana bendera yetu ya Taifa haina hata herufi moja, na mtoto wa chekechea anaijua: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni wananchi, bluu ni maji. Rangi nne na mstari wa mshazari, kazi imekwisha.

Muhuri nao haupepei ila una adui zake: wino mwingi, karatasi mbaya, na mkono wa karani mwenye haraka. Muhuri wa kawaida wa mpira ni duara la kama sentimita nne. Mstari mwembamba unajaa wino. Vitu viwili vilivyokaribiana vinashikana. Na hauna rangi ya kukuokoa, maana wote unatoka kwa wino mmoja.

Kisheria muhuri una uzito mwingine kabisa. Chukua Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lililoanzishwa mwaka 1983. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalitambua kama chombo chenye uhai wake wenyewe na muhuri wake rasmi, ile lakiri. Maana yake Baraza linaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kumiliki mali. Wakurugenzi wanakuja na kuondoka, muhuri unabaki. Sasa ukigongewa karatasi kwa lakiri ya namna hiyo, nyuma yake kuna mtu wa kisheria unayeweza kumfuata mahakamani. Ile karatasi ya bibi ilikuwa na wino tu, nyuma yake hapakuwa na mtu.

BIBI NA BWANA WAMESIMAMA JUU YA MLIMA WETU

Sisi wa Moshi tuna bahati moja ambayo hata wenyeji wengi hawaioni. Chukua pasipoti au barua yoyote ya serikali, itazame ile nembo ya Taifa tunayoiita Bibi na Bwana. Katikati kuna ngao. Juu ya ngao kuna mwenge unaowaka, chini yake bendera, kisha sehemu nyekundu ya udongo wa Afrika, kisha mawimbi ya bahari na maziwa. Kuna mkuki, jembe na shoka. Pembeni mwanamume na mwanamke wameshika pembe za tembo, miguuni mwao kuna karafuu na pamba, na utepe umeandikwa Uhuru na Umoja. Haya, wamesimama wapi? Juu ya Mlima Kilimanjaro.

Yaani hata kabla taasisi yoyote ya mazingira haijachora nembo yake, Taifa lenyewe lilishauweka mlima, udongo, maji, mimea na pembe za tembo kwenye muhuri wake mkuu. Ukiitazama kwa jicho hilo, nembo ya Taifa ni nembo ya mazingira pia.

Na mlima uliingia kwenye alama za nchi kwa miguu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimama kileleni Kibo, akapandisha bendera ya Tanganyika na kuweka Mwenge wa Uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshautaja mwenge huo tangu 1959, kabla hatujapata uhuru. Ahadi ilitolewa kwa maneno kwanza, alama ikafuata. Huo mpangilio ukumbukeni, nitaurudia.

Kuhusu mkono ulioichora Bibi na Bwana, mwaka 2017 wengi tulimfahamu Mzee Francis Kanyasu, maarufu Ngosha, akiishi maisha magumu Buguruni, Dar es Salaam. Alitajwa kuwa ndiye mchoraji, ingawa kuna wengine pia waliotajwa. Alifariki Mei mwaka huohuo. Mimi kama mchoraji mdogo habari ile iliniuma. Lakini pia ilinionyesha nguvu ya alama: nchi nzima inaijua picha, wachache wanamjua aliyeichora. Muhuri ukishaanza kazi unaacha kuwa wa msanii.

Sasa hapa wengi tunakosea, na mimi nilikosea. Mchoro wangu wa kwanza wa kikundi niliwawekea Bibi na Bwana katikati, upendeze, uonekane wa kiserikali. Nikaja kuelewa kwamba kuna Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inayolinda matumizi yake. Nembo ile haibandikwi hovyo kwenye tisheti, risiti ya duka au muhuri wa kikundi. Na ukifikiria vizuri, sababu ni ileile ya bibi yangu. Kila kikundi kikigonga Bibi na Bwana, mwananchi atajuaje ipi ya serikali na ipi ya mtaani?

UA LA WAMAREKANI

Nikataka kujua wenzetu wanafanyaje. Marekani wana shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, lililoanza kazi Desemba 1970 wakati wa Rais Nixon. Muhuri wao ni ua. Ua moja tu, lenye majani yake chini. Kichwa cha ua ni mviringo, na ndani ya mviringo huo kuna anga la bluu, ardhi ya kijani na maji ya bluu-kijani, pamoja na duara jeupe linalosimama badala ya jua au mwezi. Jina la shirika linazunguka pembeni. Bendera yao inabeba muhuri huohuo.

Angalia walichokifanya. Hewa, ardhi na maji ndiyo kazi za shirika lile. Wangeweza kuchora mto, msitu, samaki, moshi wa kiwanda na tai wao juu. Wameviingiza vyote ndani ya kitu kimoja ambacho hata mtoto anakichora. Mwaka 1977 kampuni ya usanifu ya New York, Chermayeff & Geismar, ikawaandalia kitabu kizima cha kanuni za mwonekano wao, ili karatasi inayotoka ofisi moja ifanane na ya ofisi nyingine. Kufanana huko ni ulinzi. Ukishazoea ya kweli, ya bandia inakukwaruza jicho.

Na kuna yule panda wa WWF, ingawa hao si serikali. Alichorwa 1961, na mmoja wa waanzilishi, Peter Scott, alieleza kwamba walitaka mnyama anayependeza kwa rangi nyeusi na nyeupe ili kupunguza gharama za kuchapa. Wazungu nao wanabana matumizi ya wino, jamani, teh teh!

NYUNDO YA MSITUNI

Turudi nyumbani. Huku miteremkoni muhuri wa mazingira unaotisha kuliko wote hauko kwenye karatasi. Ni nyundo. Ofisa misitu anakuja na nyundo yenye alama maalumu usoni, anaigonga kwenye gogo, alama inabaki kwenye mti. Magogo yakishagongwa nyundo, na hati ya kusafirishia ipo, ile wafanyabiashara wanaiita TP, gari linapita kizuizini. Bila hivyo, utalala hapo. Mfumo huo sasa uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulioundwa mwaka 2010, na unatembea na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Nyundo ile haina urembo. Haina mlima, haina tembo. Lakini kila dereva wa lori anaijua na anaiheshimu, kwa sababu nyuma yake kuna sheria, kuna daftari, na kuna mtu anayejulikana kwa cheo. Hapo ndipo nilipopata somo langu kubwa: alama haipati nguvu kwa uzuri wake. Inapata nguvu kwa lile jambo ambalo wote tumeshakubaliana kabla haijagongwa.

CHUNGU CHA MAKANDE

Sasa nirudi kwa kikundi. Mchoro wangu wa pili (Bibi na Bwana nimewatoa) ulikuwa na Kibo yenye theluji, mgomba, mkahawa, tembo, mfereji wa maji, mikono miwili inashikana, na maneno mzunguko mzima. Kwenye kompyuta ulikuwa mtamu kweli. Nikaupeleka kwa mzee mmoja anayechonga mihuri mjini. Akavua miwani, akanitazama.

"Dogo, hii nikikuchongea sentimita nne, utapata chungu cha makande."

Nikabisha. Akanichongea cha majaribio, akagonga kwenye gazeti. Kweli, makande matupu. Tembo amemezwa na mgomba.

Nikapanda Kibosho na ule mchoro nikiwa mnyonge. Kina mama na wazee wamekaa chini ya mti, nikawaamkia shikamoo, nikawaonyesha. Mama mwenyekiti akaushika muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwanangu, hii theluji ya nini?"

Nikajibu ni Kilimanjaro, mama, lazima iwe na theluji. Akasema, "Sisi hatupandi theluji. Na hata tukiilinda usiku kucha, inatuondoka."

Wadau, yule mama hakusoma utafiti, lakini alichosema ndicho wanachosema watafiti. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Na maji tunayokunywa huku chini yanatoka zaidi kwenye ule ukanda wa msitu unaokamata mvua na ukungu. Mtaalamu wa mimea Mjerumani Andreas Hemp, aliyeufanyia mlima huu kazi miaka mingi, amelieleza hilo: hasara kubwa kwa maji ni msitu unaoungua na kukatwa kuliko barafu inayoyeyuka. Tuliuona moto wa Oktoba 2020 ukiwaka juu siku baada ya siku. Hata serikali ililiona zamani: Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa 1973 ilianza na sehemu za juu, lakini mwaka 2005 msitu wenyewe ukaingizwa ndani ya hifadhi.

Sisi wachoraji bado tunachora kofia nyeupe. Kwenye mabasi, kwenye maji ya chupa, kwenye tisheti za wageni. Sikatai, inapendeza na inauza. Lakini muhuri wa kikundi kinachopanda miti ni ahadi, na huwezi kuahidi kitu ambacho huna uwezo nacho.

Nikawauliza, basi tuweke nini? Kimya kidogo. Mzee mmoja akaonyesha kidole nyuma yangu, kwenye mpaka wa kihamba. Masale.

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Isale ni mmea wa majani marefu, membamba, unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga halisi hang'oi isale la jirani. Ukimkosea mtu vibaya, unampelekea jani la isale, na kulikataa jani hilo si jambo dogo. Limemaliza kesi za ardhi, za ndoa, hata za damu. Yaani wazee walikuwa na muhuri wao kabla ya wino na mpira. Hauna maandishi, hauna ofisi, lakini kila anayeuona anajua unamtaka afanye nini: usivuke, au, samehe.

Nikaelewa papo hapo. Ni kama nyundo ya msituni. Ni kama ua la Wamarekani. Ni kama mwenge wa 1961, maneno kwanza, alama baadaye. Makubaliano yalikuwepo, kazi yangu ni kuyachora tu.

Muhuri umekuwa hivi: jani moja la isale limesimama katikati, chini yake mistari miwili ya mawimbi ya mfongo. Pembeni jina kamili la kikundi, kijiji na kata, na mwaka wa kuanzishwa. Basi. Mzee mchongaji aliugonga mara tatu kwenye gazeti lilelile, ukatoka safi, akasema "Sasa umekua." Bendera ni kitambaa cha kijani chenye jani hilohilo la njano na wimbi moja la bluu, bila herufi. Fundi cherehani wa Mbuyuni ameishona pande mbili, na kwa mbali unaijua hata ikijikunja.

UKIPEWA KARATASI YENYE MUHURI

Niwaachie kitu cha kufanyia kazi. Ukiletewa karatasi ya faini, kibali au ada ya mazingira, usitazame picha kwanza. Jiulize haya:

1. Jina la ofisi limeandikwa kamili, na ofisi hiyo iko wapi?
2. Imetajwa sheria gani au sheria ndogo ipi?
3. Aliyesaini ana jina na cheo?
4. Hela inalipwaje? Siku hizi malipo ya serikali yana kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba. Anayetaka taslimu mkononi, mwambie twende wote kwa mtendaji.

Muhuri uwe wa mwisho kuutazama. Ukiwa wa kweli hautakasirika kusubiri.

Juzi nilimpelekea bibi karatasi yenye muhuri mpya wa kikundi, nikamweleza yote, pamoja na lile kosa langu la zamani. Hasomi, lakini aliushika ule muhuri, akapitisha kidole juu ya jani. "Hili ni isale," akasema. Nikamwambia ndiyo bibi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza:

"Umeniletea la mipaka au la kuomba msamaha?"

Nikamwambia yote mawili. Akacheka, akaniwekea ndizi.

Naomba kuwasilisha. Kama huko kwenu kuna alama ya asili inayolinda mti, chemchemi au mpaka, ilete hapa chini tujifunze.